Kutoka Wapi, Uzito Gani, Nani? Watambulishaji wa Mieleka Tunaowapenda na Tusiowapenda

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na makala kuhusu ngeli, uhakiki wa riwaya, na malalamiko yetu ya kila mwaka kuhusu uhaba wa vitabu. Safari hii tunawaomba watuvumilie tuingie mahali ambapo wahadhiri wa Kiswahili hawaonekani sana, yaani ulingoni. Tunadhamiria kuwahakiki watu wanaosimama katikati ya ulingo wa mieleka ya kulipwa, kipaza sauti mkononi, wakawatambulisha wapiganaji kwa hadhira. Tutawataja tunaowapenda na tusiowapenda, na tutatoa sababu.

Mada hii tumeichagua kwa sababu rahisi. Hapa mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba na Tororo, vijana wanaokuja kuketi madarasani mwetu wamekulia katika vibanda vya video. Humo ndimo walimosikia kwa mara ya kwanza mtu akitumia sauti yake hadi watu mia moja wakanyamaza. Hakuna mhadhara wetu uliowahi kusikilizwa namna hiyo. Mtu wa lugha anayeidharau sauti kama hiyo anajinyima somo.

Tufafanue istilahi kwanza. Mieleka ya kulipwa ina sauti mbili. Kuna msimulizi, anayeketi pembeni na kueleza kila kinachotokea tangu mwanzo hadi mwisho wa pambano. Kisha kuna mtambulishaji, anayesema kabla ya pambano na baada yake tu. Msimulizi husema maneno maelfu kwa usiku mmoja, ilhali mtambulishaji husema sentensi chache. Makala haya yanamhusu huyu wa pili, ingawa wa kwanza atatuingilia njiani, kama ilivyo desturi yake.

Kanuni ya kazi

Kazi ya mtambulishaji ina mpangilio usiobadilika sana. Hutaja mahali anapotoka mpiganaji, kisha uzito wake, kisha lakabu au cheo kama anacho, na mwisho kabisa jina. Jina huja mwisho kwa sababu likishatamkwa hadhira hulipuka, na hakuna neno linaloweza kusikika baada ya hapo.

Jambo hili tulijifunza kwa aibu. Miaka michache iliyopita tulialikwa kuwatambulisha wakimbiaji katika siku ya michezo ya shule moja ya sekondari. Usiku kucha tulikuwa tumeandaa maelezo mazuri, yenye methali na tashbihi. Tukasimama, tukaanza na jina: "Barasa!" Uwanja mzima ukalipuka. Kijiji chake, muda wake bora, ile tashbihi ya swala tuliyoitafuta hadi saa saba, vyote vikamezwa na makofi. Wanne waliofuata tuliwatambulisha vivyo hivyo, kwa ukaidi wa msomi anayeamini kwamba karatasi yake haiwezi kukosea. Mvulana mmoja aliyeketi karibu nasi akatuambia kwa heshima, "Mwalimu, jina huwa la mwisho." Alikuwa amejifunza kibandani.

Katika fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi tofauti ya majigambo na sifo. Katika majigambo mtu hujisifu mwenyewe, lakini katika sifo husifiwa na mwingine. Wapiganaji wa mieleka ni watu wa majigambo, kwani hupewa kipaza sauti wakajitapa hadi jasho likawatoka. Mtambulishaji ni mtu wa sifo, lakini sifo iliyonyimwa vivumishi. Haruhusiwi kusema kwamba mpiganaji ni shujaa au simba. Anapewa mahali, namba na jina tu, na kwa vitu hivyo vitatu anatakiwa amsimamishe mtu mbele ya macho yetu. Huo ni ulumbi wa hali ya juu, na kwa kipimo hicho ndicho tunawapima wafuatao.

Tunaowapenda

Wa kwanza, bila kusita, ni Howard Finkel. Mmarekani huyu alizaliwa mwaka 1950 na kufariki Aprili 2020. Alianza kutambulisha wapiganaji mwishoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ambayo leo inajulikana kwa jina la WWE ilimhesabu kuwa mwajiriwa wake wa kwanza. Mwaka 2009 aliingizwa katika orodha yake ya watu wa heshima. Wengi husema pia kwamba ndiye aliyebuni jina la WrestleMania, tamasha lililoanza mwaka 1985.

Kinachotuvutia kwa Finkel ni jinsi alivyojua kujizuia. Maelezo ya mahali na uzito aliyatamka kwa sauti ya karani anayesoma hati, wazi na bila haraka, kila konsonanti mahali pake. Nguvu zote aliziweka akiba. Na bingwa alipobadilika, aliitumia akiba hiyo kwenye neno moja dogo, lile linalomaanisha "mpya", ambalo kwa Kiingereza hutangulia nomino. Alilivuta neno hilo hadi watu wakajua kwamba historia imegeuka kabla hawajasikia ni bingwa wa nini. Agosti 1988, pale Madison Square Garden mjini New York, Ultimate Warrior alimshinda Honky Tonk Man kwa muda usiofika dakika moja. Anayetazama kanda ya pambano hilo huona kwamba tangazo la ushindi linakaribia kuwa na uzito sawa na pambano lenyewe.

Wa pili ni Lilian Garcia, aliyezaliwa Hispania na kukulia Puerto Rico, na aliyejiunga na kampuni hiyohiyo mwaka 1999. Tunampenda kwa jambo ambalo walimu wa lugha hatuna budi kulithamini, nalo ni matamshi ya majina. Alipomtambulisha Eddie Guerrero au Rey Mysterio, majina hayo yalitoka kinywani mwake jinsi yanavyotamkwa nyumbani kwa wenyewe, sauti r ikiwa imekunjwa barabara. Hakuyalainisha ili yawafae Waingereza.

Jambo hili linatugusa sana hapa. Katika darasa moja la Tororo utakuta Othieno, Nyafwono, Emojong, Wandera, Namukasa na Mohamed. Tumewahi kumsikia mhadhiri, tena wa idara ya lugha, akisoma orodha ya mahudhurio huku akiyavunja majina ya Kiteso na Kidhopadhola kama mtu anayevunja kuni. Wanafunzi hucheka, naye mwenye jina huinamisha kichwa na kuitika. Garcia angesoma orodha hiyo nyumbani kwanza, akauliza, akarudia, kisha ndipo angesimama mbele ya watu.

Wa tatu tunamweka kwa mjadala. Samantha Irvin alifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 2021 hadi 2024. Aprili 7, 2024, mjini Philadelphia, Cody Rhodes alimshinda Roman Reigns aliyekuwa ameshika ubingwa kwa siku 1,316. Irvin alipotangaza matokeo, sauti yake ilivunjika kwa machozi. Wanafunzi wetu waligawanyika. Baadhi yao walisema kwamba mtambulishaji ni kama mwamuzi, hafai kulia. Wengine walisema kwamba fanani asiyeguswa hawezi kugusa hadhira yake. Sisi tunaegemea upande wa pili, lakini kwa sharti. Machozi yale yalikuja mwishoni mwa kisa kilichochukua miaka, na umati mzima ulikuwa ukililia jambo lilelile. Lau angelia kila wiki, tungemhamishia katika sehemu inayofuata.

Tusiowapenda

Tunajua kwamba hapa tutapoteza marafiki. Tusiyempenda zaidi ni Michael Buffer, ambaye wengi humhesabu kuwa mfalme wa kazi hii. Alitokea katika ndondi, na katika miaka ya 1990 kampuni ya WCW ilimkodi kutambulisha mapambano yake makubwa ya mieleka. Ana tamko lake mashuhuri la maneno matano, la kuwaalika watu wajiandae kwa vurugu, ambalo amelisajili kisheria kama alama ya biashara na ambalo limemletea utajiri mkubwa.

Hatuna ugomvi na sauti yake, ambayo ni nzuri kuliko zote tulizozitaja. Ugomvi wetu uko kwenye tamko lenyewe. Linamfaa mpiganaji yeyote, kwa hiyo halimhusu mpiganaji yeyote. Likitamkwa, watu hushangilia tamko, kisha wapiganaji hutajwa baadaye kama kiambatisho. Finkel aliweka uzito wote kwenye jina la mtu mwingine, ilhali Buffer anauweka kwenye maneno yake mwenyewe. Mtambulishaji anayekumbukwa kuliko aliyemtambulisha amekwenda harusini akavaa nguo ya bibi harusi.

Justin Roberts tunampenda nusu, na nusu nyingine hatuipendi. Mvuto aliokuwa akiuweka kwenye jina la John Cena ulikuwa mzuri, na watoto wa pande hizi waliuiga hadi wakachosha mama zao. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kwamba alivuta karibu kila jina. Mwanafunzi anayepigia mstari kila sentensi ya kitabu hajapigia mstari chochote. Tony Chimel naye alivuta lakabu ya Edge kuliko jina la Edge, na wanafunzi wetu wanamtetea kwa nguvu. Tumewasikiliza, lakini hatujashawishika.

Mbaya kuliko wote hana jina hapa, kwa sababu ni wengi. Ni yule mshereheshaji wetu wa hapa nyumbani, wa harusi, wa mashindano ya soka na wa kampeni, anayeshika kipaza sauti kama mtu aliyerithi shamba. Anaanza kwa Kiingereza, anaingia Kiluganda, anachovya methali tatu za Kiswahili zisizohusiana, anajitambulisha mwenyewe mara nne, na mgeni wa heshima anabaki amesimama akitabasamu hadi mashavu yanauma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi hivi kwa sababu amechanganya lugha, kwani mpakani kuchanganya lugha ni kupumua. Tunasema hivi kwa sababu hajajiuliza maswali matatu ya kazi yake: anayeingia ni wa wapi, ana uzito gani, ni nani.

Jitu la Uganda

Hadi hapa makala haya yangeweza kumalizika kwa orodha na salamu. Lakini kuna jambo linalotukwaza, nalo linamhusu yule tuliyemweka wa kwanza.

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finkel akiwa sauti kuu ya kampuni yake, mmoja wa wapiganaji waliopanda ulingoni humo alikuwa Kamala, aliyepewa lakabu ya Jitu la Uganda. Alitangazwa kuwa na uzito wa pauni 380, yaani takribani kilo 172. Aliingia miguu mitupu, uso umechorwa rangi, mkuki mkononi, huku akijipiga tumbo. Hakusema neno. Alinguruma tu. Mwaka 1992 aliigiza hata kutojua namna ya kumbana mpinzani mabega chini, akawa anamlaza kifudifudi na kushangaa kwa nini mwamuzi hahesabu.

Mtu huyo hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, Mmarekani Mweusi wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki Agosti 2020. Uhusika wake ulibuniwa mjini Memphis mwaka 1982 kwa ushirikiano na Jerry Lawler. Alikuwa mwigizaji hodari, na walioishi naye humsifu kwa upole wake.

Tulimwona kwa mara ya kwanza tukiwa wanafunzi wa shule ya msingi, katika kibanda kimoja cha Busia, upande wa Uganda. Ilikuwa kanda ya pambano lake na Undertaker la Agosti 1992 katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000. Tulivuka mpaka kwa miguu baada ya shule, jambo ambalo mama hakuambiwa. Jina la Uganda lilipotamkwa, kibanda kizima kilishtuka kwa furaha. Uganda! Kisha akatokea yule mtu mwenye mkuki. Kimya kikaingia. Mzee mmoja wa Kisamia aliyeketi mbele akauliza kwa sauti, "Huyu ni wa wapi? Ni wa Iganga ama Mbale?" Watu wakacheka hadi mabenchi yakatikisika, na sisi tukacheka nao.

Miaka mingi baadaye, tukiandika tasnifu ya shahada ya uzamili, ndipo kicheko kile kilipoturudia kwa sura nyingine. Tulitambua kilichotuuma. Ule mpangilio wa mahali, uzito na jina hauna kivumishi, na kwa sababu hiyo husikika kama ushahidi. Mtu akisema "simba wa Afrika" tunajua kwamba ni sifa tu. Akisema "kutoka Uganda, uzito kadhaa," tunasikia karani akisoma hati. Kwa hiyo uongo ukiingia katika mpangilio huo hauna alama yoyote ya uongo. El Paso ya Guerrero ilikuwa kweli, Uganda ya Kamala ilikuwa hekaya, na zote mbili zilitangazwa kwa utaratibu uleule. Hao watu 80,000, na mamilioni waliotazama kwenye televisheni, waliambiwa kwamba nchi jirani na kitanda chetu ni mahali ambapo mtu mzima hana lugha.

Kwa mwalimu wa lugha, hilo la mwisho ndilo linalouma kuliko mkuki na rangi. Anayetoka Tororo au Busia aghalabu huwa na lugha tatu kabla ya kuota meno ya utu uzima. Na ndiye aliyechaguliwa kuwa mfano wa mtu anayenguruma.

Je, tumwondoe Finkel kwenye nafasi ya kwanza? Tumelitafakari swali hili kwa muda mrefu. Watambulishaji husoma walichoandikiwa na kampuni, na si wao waliobuni hekaya ile. Tunamwacha pale alipo kwa ajili ya sauti yake, lakini tunamkata alama, na tunawaomba wanafunzi wetu waiandike sababu ya alama hiyo. Mtambulishaji ni shahidi. Sauti nzuri haimwondolei wajibu wa kuuliza kama anachokisoma ni kweli.

Msimulizi anaingilia

Tulisema kwamba msimulizi atatuingilia njiani. Katika vibanda vya Uganda, filamu na mieleka huonyeshwa huku mtu akisimulia kwa Kiluganda juu ya sauti ya asili. Mtu huyo huitwa vijei, na wapo waliopata sifa nchi nzima, kama VJ Jingo. Upande wa Kenya, DJ Afro amejijengea jina kwa kusimulia filamu kwa Kiswahili, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Watu hawa tunawaheshimu. Hata hivyo, kwa miaka mingi tumekuwa na lalamiko moja dhidi ya wasimulizi wa vibandani: huongea juu ya mtambulishaji. Wakati ule ambapo pangekuwa kimya, mahali na uzito vikisomwa, wao hujaza maneno.

Lakini siku ile ya Kamala, msimulizi ndiye aliyetuokoa. Kicheko kilipopungua, alikishika kipaza sauti chake, akasema kwa Kiswahili cha mpakani ili watu wa pande zote mbili wamsikie: "Msimwogope huyu. Huyu ni mtoto wa watu wa Mbale. Amekosa nauli ya kurudi nyumbani, ndiyo maana hana viatu." Tangu hapo kibanda kikawa upande wa Kamala. Kila alipoangushwa, watu walimwambia avumilie, nauli itapatikana. Mtambulishaji alimnyima kwao, na msimulizi wa Busia, ambaye jina lake hatukuwahi kulijua, akampa mji, mama na shida inayoeleweka.

Hatuna hakika kwamba uhakiki wowote tuliousoma chuoni kuhusu taswira ya Mwafrika ulifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kwa maneno machache namna hiyo.

Tangu hapo mambo yamesonga. Mwaka 2023 huko Mukono, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, alianzisha mieleka inayoitwa Soft Ground Wrestling, ambapo vijana hupambana juu ya tope, ndani ya ulingo wa miti na kamba. Kabla ya hapo alikuwa akisimulia mieleka ya Marekani kwa Kiluganda kwenye televisheni. Aliyekuwa akiongea juu ya sauti za wengine amejenga ulingo wake, na sasa vijana wa Uganda wanatangazwa kutoka Uganda, nao wametoka Uganda kweli.

Mtambulishaji wa pumba za mchele

Swali linalobaki ni la Kiswahili. Tunaomba turudi Busia kwa mara ya mwisho.

Likizo iliyopita tulikuta watoto wakipigana mieleka juu ya lundo la pumba za mchele, nyuma ya mashine ya kukoboa, katika mtaa wa Sofia. Mvulana wa miaka kama 12 alikuwa ameshika chupa tupu ya maji kama kipaza sauti. Tulisimama, tukamsikiliza, tukaandika kwenye bahasha:

"Kutoka Sofia, nyuma ya mashine, mwenye uzito wa nusu gunia la mahindi, asiyeogopa mwalimu wala mama yake, Wandeeera!"

Kisha mpinzani: "Kutoka upande wa Kenya, mwenye uzito wa madebe mawili, aliyekuja kwa shangazi akakataa kurudi, Oukooo... Ouuuko!"

Tuangalie alichokifanya. Mosi, jina liko mwisho. Pili, uzito ameupima kwa kipimo ambacho hadhira yake hubeba mabegani, wala hakuazima pauni za Wamarekani. Tatu, ametumia virejeshi viwili, "asiyeogopa" na "aliyekuja", bila kosa la upatanisho. Virejeshi vya namna hiyo, hasa cha ukanushi, huwatoa jasho wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Nne, alipovuta "Ouko" kwenye silabi ya mwisho alisikia kwamba haikai vizuri, akajisahihisha papo hapo na kuvuta ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo shadda ya Kiswahili hukaa. Hakuna aliyemfundisha neno "shadda".

Pambano lilipokwisha, Wandera, aliyekuwa bingwa wa jana, alikuwa chali. Hapo tulisubiri kwa hamu, kwa sababu tulikuwa tumewahi kulitafakari tatizo hili darasani. Kwa Kiswahili nomino hutangulia, kwa hiyo "bingwa" husikika kabla ya "mpya". Zaidi ya hayo, katika "mpya" shadda iko kwenye m, na m haivutiki kama irabu. Ukijaribu utasikika kama mtu anayeumwa jino. Mbinu ya Finkel haihamishiki. Mvulana akainua chupa, akasema: "Bingwa wa leo... siye wa jana!" Watoto wakaruka. Sisi, na shahada yetu, hatukuwa tumefika hapo.

Tulipomwuliza kama anasoma Kiswahili shuleni, mmoja wa wakubwa waliokuwepo alijibu kwa niaba yake, "Huyu? Huyu hajui Kiswahili, mwalimu." Mvulana hakubisha. Badala yake alitugeukia, akauliza, "Na wewe mwalimu, umetoka wapi, una kilo ngapi?" Mahali tulisema haraka. Uzito tuliupunguza kidogo. Naye akatutambulisha kwa wenzake, jina letu likaja mwisho, silabi ya pili kutoka mwisho ikavutwa, na hatukumbuki kutambulishwa vizuri hivyo katika kongamano lolote.

Hitimisho

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, iliipa lugha ya Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yalitufurahisha. Lakini lugha ambayo kwa miaka mingi watu wa Uganda waliihusisha na kambi za jeshi haiwezi kupendwa kwa azimio pekee. Inahitaji mahali ambapo mtoto anaitumia kwa sababu inampa raha na heshima mbele ya wenzake. Busia imewahi kufanya hivyo. Neno "bodaboda" lenyewe lilitokana na mwito wa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kati ya pande hizi mbili za mpaka, na leo linatamkwa Afrika Mashariki nzima.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi dogo kwa walimu wenzetu. Katika kipindi cha kwanza cha muhula, badala ya "jina langu ni fulani", kila mwanafunzi amtambulishe jirani yake kwa kanuni ya ulingo: anatoka wapi, ana uzito gani (kwa kipimo chochote atakachobuni, tusije tukavunja urafiki), kirejeshi kimoja cha kweli, na jina mwishoni. Masharti ni mawili. Jina litamkwe jinsi mwenyewe anavyolitamka kwao, hata ikibidi kuuliza mara tatu. Na mahali pawe pa kweli, kwa sababu tumeshaona kinachotokea mtu mwingine anapoachiwa kutusemea tulikotoka.

Wasomaji wasiokubaliana na orodha yetu, hasa watetezi wa Chimel, wanakaribishwa kutuandikia kwa ajili ya toleo lijalo. Majina yao tutayachapisha mwishoni mwa barua, mahali pa heshima.